Homa Niliyoiita Vumbi

Wanaonifahamu watashangaa kusikia nimeandika. Mimi si mtu wa kalamu, mimi ni mtu wa mdomo. Kwa miaka kumi na sita nilikuwa mnadishaji wa usharika wetu, huku juu ya Tengeru, kwenye migomba na kahawa za mlima Meru. Ibada ikiisha na watu wakishatoka nje, mimi ndiye niliyeinua kuku juu na kupiga kelele mpaka mnunuzi akapatikana. Sasa sauti imekwenda, imebaki ya kunong'ona, na hili ninalotaka kulisema ni refu. Ndiyo maana nimechukua daftari.

Namwandikia mtu mmoja tu: wewe uliyeamka leo na homa, na una mahali unatamani sana kwenda.

Kwa asiyetujua, nieleze kidogo. Huku kwetu mtu hutoa sadaka kwa alichonacho. Huyu analeta mkungu wa ndizi, yule trei ya mayai, mwingine kibuyu cha maziwa. Baada ya ibada vitu hivyo vinanadiwa nje, na mara nyingi anayenunua hapeleki kwake. Anasema, "Huyo jogoo mpeni bibi Nasinyari, meno yake mawili yanatosha." Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Wapo wanaovumilia mahubiri kwa ajili ya mnada, na mchungaji anawajua kwa majina.

Mume wangu Anaeli alikuwa mshika mali wangu. Mimi napiga kelele, yeye anashika kuku. Alikuwa mtu mpole, ana pumu tangu utoto, na dawa yake ya kuvuta haikutoka mfukoni mwa koti. Watu walikuwa wakimtania, "Anaeli, nyumbani unapata nafasi ya kusema?" Naye alijibu bila kucheka, "Nasema akilala." Tulikaa pamoja miaka thelathini na moja.

Redio ilipotangaza kwamba kuna mafua mapya yameenea dunia nzima na yameshafika Arusha, tulicheka. Mafua, jamani! Wangesema kipindupindu tungewaelewa. Mafua kila mtu anayapata masika, unajifuta pua unaendelea na jembe. Halafu tukasikia mwalimu mmoja wa Kaloleni amefariki, kijana tu, mwenye nguvu zake. Baada yake akafa dereva tuliyemfahamu. Hapo tukaacha kucheka.

Usharika ulijipanga, lazima niseme haki. Ndoo za maji zenye koki ziliwekwa mlangoni na sabuni. Mabenchi yalichorwa chaki, kila mtu na alama yake. Kwaya iligawanywa nusu kwa nusu. Kwenye Meza ya Bwana tuliacha kunywea kikombe kimoja, tukanunua vikombe vidogo vidogo. Kapu la sadaka likakaa mezani, halikupitishwa tena. Na ile desturi yetu ya kutoka tukiimba na kupeana mikono kwa duara, tukaimba tukiwa mbali mbali na kupungiana. Mimi, kwa kuwa ni mzee wa kanisa na nina sauti, nikapewa kazi ya kusoma masharti yale kila Jumapili wakati wa matangazo.

Kuhusu mnada, baraza la wazee halikumaliza hata dakika tano. Mchungaji aliuliza, "Na mnada je?" Nikadakia mimi, "Mnada uko nje, mchungaji. Nje kuna hewa." Wote wakakubali. Ndani tulikaa kama watoto kwenye chumba cha mtihani, halafu tukitoka tunasongamana kuangalia nani ananunua nini. Mayai yalipita mkono hadi mkono. Hakuna aliyeona ajabu, maana kwetu ukishatoka mlangoni ibada imekwisha, na tulidhani ugonjwa nao tumeuacha humo humo.

Sasa nafika kwenye Ijumaa. Ilikuwa katikati ya masika. Jioni nilipomaliza kukamua, baridi ilinishika mgongoni, siyo baridi ya mvua, ile inayotoka ndani ya mifupa. Nilikaa juu ya ndoo zizini nikitetemeka. Kikohozi kikaanza, kikavu. Nikajifunika khanga mdomoni ili Anaeli asisikie, nikapeleka maziwa ndani, nikamwambia nimechoka na palizi. Akanipokea ndoo akasema, "Basi keti, mimi nitapika." Akapika, tukala sahani moja, tukalala kitanda kimoja.

Jumamosi mchana mwanangu Godlisten alikuja. Gody ndiye mtoto wetu wa pekee. Amepanga Levolosi, mjini Arusha, anauza vipuri vya magari. Alileta sukari na sabuni kama kawaida yake, akatengeneza redio ya baba yake, wakala pamoja nje wakibishana juu ya mpira. Mimi nilijitenga jikoni nikasingizia moshi. Nakumbuka Gody alipiga chafya mara mbili, na baba yake akamwambia, "Mjini kumekuchosha." Jioni akaondoka.

Jumapili asubuhi nilimeza panadol mbili, nikanywa tangawizi na malimao mpaka jasho likanitoka. Nikapata nafuu kidogo nikavaa. Utauliza, mama, ulikuwa unafuata nini? Nitakujibu ingawa naona aibu. Nisipokwenda mimi, angenadi mwenzangu wa baraza, Mzee Ndosi. Na Mzee Ndosi ananadi kama anasoma salamu za rambirambi. Ila siyo hilo hasa. Niliogopa wasije wakaona kwamba mnada unakwenda bila mimi. Haki ya Mungu, ni hilo tu.

Nikasimama mbele ya watu, nimevaa barakoa, nikasoma: "Mwenye homa, kikohozi au mafua abaki nyumbani, ajitenge na wenzake, wala asione haya." Sauti ilikuwa inakwaruza. Kwaya wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Mama Gody leo anaimba besi!" Nikasema, "Ni vumbi." Kanisa zima likacheka, kwa sababu vumbi gani masika? Anaeli peke yake hakucheka. Aliniangalia kutoka kwenye alama yake ya chaki, nami nikageuza karatasi nikaendelea na matangazo ya ndoa.

Tulipotoka, mvua ikaanza. Watu wakakimbilia kwenye banda la shule ya Jumapili, lile la mabati, bega kwa bega, na vitu vya sadaka katikati. Nikapanda juu ya benchi. Mvua ilikuwa inapiga bati, hakuna aliyenisikia, wakapiga kelele, "Mama, toa hicho kitambaa!" Nikashusha barakoa kidevuni. Anaeli alikuwa amesimama chini yangu ameshika jogoo, uso ameuinua ananiangalia. Nilipiga kelele kwa saa nzima. Najua mate yangu yalimwangukia usoni, kwa sababu nilimwona anajifuta kwa bega, mikono ikiwa na jogoo.

Wengine walioumwa baada ya siku ile siwezi kusema nani alimpa nani. Lakini Anaeli alipata kwangu.

Jumanne sikuweza kuamka. Jumatano yeye akaanza kukohoa. Alhamisi kifua chake kikawa kinapiga filimbi, na ile dawa ya kuvuta haikufanya kitu. Gody akaja na gari la kuazima, akatubeba wote wawili, madirisha wazi, mvua inatunyeshea kwenye viti vya nyuma. Anaeli alikuwa amenishika kidole kimoja tu, kile kidogo, kwa sababu mkono mzima ulikuwa unamchosha.

Hospitali walikuwa wameweka hema nje, na viti vya plastiki mbali mbali. Pale ndipo nilipojifunza kusubiri. Nesi anapita na kile kibanio cha kidoleni, anaangalia namba, anakuambia ungoje au anakuita. Hakuna anayeongea. Unasikiliza vifua vya watu. Nesi alipomfikia Anaeli hakusema ungoje. Waliweka kitanda chenye magurudumu, wakampeleka wodi ya wanaume. Alinipungia mkono kama tulivyokuwa tunapungiana kanisani. Mimi nikabaki kwenye hema saa mbili nyingine, halafu wodi ya wanawake.

Kuhusu oksijeni sitasema mengi. Ni hewa baridi inayokausha pua, na sauti ya maji yanayotokota kwenye kichupa ukutani. Siku nazikumbuka kwa hiyo: siku za bomba kubwa, siku za bomba dogo la puani, siku ya kwanza bila bomba. Nililala kifudifudi mpaka mbavu zikawa na madoa. Kitanda cha pili alilala mama mmoja Mwarusha kutoka upande wa magharibi wa mlima, nilimwita Yeyo kama wanavyowaita mama zao. Hatukuweza kugusana, lakini kila nilipoanza kukohoa alihesabu kwa Kimaasai taratibu mpaka nikapata pumzi. Alihesabu hivyo siku zote alizokuwa pale. Sikumwona uso wake wote hata mara moja, na mpaka leo ningemtambua kwa macho tu.

Siku ya tatu nesi wa wodi ya wanaume alinipigia kwa kitochi, ile simu ndogo ya Anaeli, akamwekea sikioni. Nilikuwa nimepanga kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno: Baba Gody, nilikuwa na homa tangu Ijumaa, nisamehe. Nikasikia anavuta pumzi, anavuta, halafu akasema, "Umekula?"

Nikasema, "Nimekula." Sikuwa nimekula.

Akasema, "Vizuri." Nesi akaichukua simu. Ndiyo maneno yetu ya mwisho, na yangu yalikuwa ya uongo.

Baada ya hapo kila nikipiga namba ya Anaeli, Gody ndiye anayepokea. "Baba amelala, mama." "Baba anapimwa, mama." Siku tano. Nami nikaamini, au nilitaka kuamini. Siku ya sita baada ya simu ile walinihamishia kitanda cha dirishani, na Gody akaruhusiwa kuja kusimama nje, ng'ambo ya kioo. Alikuja amevaa kofia ya sufu. Tukasalimiana kwa mikono. Jua lilikuwa limetoka siku ile, akasahau, akaivua kofia kujifuta jasho. Kichwa kilikuwa kimenyolewa, cheupe, kinang'aa. Huku kwetu kijana hanyoi hivyo katikati ya baridi ila amezika. Aliona nimeona. Akaweka kiganja kwenye kioo, nami nikageukia ukuta kwa sababu sikuwa na pumzi ya kulia. Nililia kwa macho tu. Ee Mungu wangu, sijui kama kuna kilio kibaya kuliko hicho.

Walimzika watu wachache, kando ya migomba, bila kuaga mwili, wamesimama mbali mbali. Mchungaji alisoma kwa haraka. Mtu aliyewajengea nusu ya wanakijiji mabanda yao, akazikwa na watu wanaoenea kwenye gari moja. Mke hayupo.

Nilirudi nyumbani Julai, ile baridi yetu ya ukungu. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni mwendo wa kumaliza wimbo mmoja, nilipumzika mara tatu. Nywele zilitoka kwa mafungu. Kucha zikaota mistari. Gauni langu la kanisani likawa linazunguka mwilini nikikaa. Ladha ya chumvi niliipata tena Septemba, na nililia juu ya sahani ya ndizi kama mtoto. Majirani hawakuingia, lakini kila asubuhi nilikuta chupa ya uji juu ya ukuta, imefungwa kitambaa. Sikujua nani, mpaka leo wanakataa kunitajia. Sauti ndiyo haikurudi.

Wifi yangu, dada yake Anaeli, alikuja kwenye kikao cha ukoo. Alikuwa na uchungu, simlaumu, kaka yake alikuwa mmoja. Alisimama akasema mbele ya wote, "Ugonjwa huu haukuota kwenye migomba. Umeletwa kutoka mjini. Nani alikuja kutoka Levolosi Jumamosi akala na kaka yangu sahani moja akipiga chafya?"

Watu wakainama. Gody alikuwa ameketi karibu na mlango. Sijui wifi alilipata wapi la chafya, au labda mwenyewe alishamwambia shangazi yake, kwa sababu ndivyo alivyo, hafichi kitu. Akasema taratibu, "Ni mimi, shangazi. Nilikuwa na mafua kidogo. Sikudhani."

Mdomo wangu, huo mdomo uliouza majogoo miaka kumi na sita, haukufunguka. Nilijiambia nitamwambia tukiwa wawili. Tukawa wawili, sikumwambia. Nilijiambia kwanza nipone. Nikapona. Gody akaacha kupanda huku. Alituma unga, alituma dawa, mwenyewe haji. Mke wake akanipigia kunong'ona kwamba halali chumbani naye, amejitandikia sebuleni, anasema asije akamuua na yeye. Kila akipata chafya ya vumbi la dukani ananawa mikono mpaka ngozi inachanika. Nilijua. Miezi mitano nilijua mtoto wangu anajibebesha kifo cha baba yake kwa kosa langu, na nikaendelea kunywa uji wa majirani.

Kilichonishinda ni vuli. Mvua ya kwanza ilipopiga bati nilikuwa peke yangu, nikasikia kelele zangu mwenyewe. Nikampigia Gody nikamwambia njoo, ni lazima. Akaja Jumapili mchana. Alikaa nje kwenye ngazi, mbali na mimi, na barakoa usoni, ingawa wakati ule hata redio ilikuwa imeshaacha kutangaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Vua hiyo."

"Hapana mama, ni sawa tu."

Nikamwambia, "Gody, si wewe. Mimi nilikuwa na homa tangu Ijumaa. Ulipokuja Jumamosi nilikuwa jikoni naumwa. Nilimficha baba yako, nikakuficha na wewe, nikaenda kunadi."

Kwa sauti hii yangu ilibidi nirudie. Kuungama kitu kama hicho mara mbili, sitaki hata adui afanye.

Hakuniangalia. Aliuliza, "Ijumaa saa ngapi?"

"Jioni. Nilipomaliza kukamua."

"Ulikuwa unakohoa?"

"Nilikuwa nakohoa."

"Na mlikula pamoja."

"Tulikula pamoja."

Nikaona anahesabu moyoni: Ijumaa jioni, Jumamosi mchana. Halafu akavua barakoa, akaikunja vizuri mara mbili, akaiweka mfukoni. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani ni hasira. Ilikuwa nafuu. Mtoto wangu alikuwa analia kwa kupata nafuu, mtu mzima wa miaka ishirini na tisa, anavuta hewa kwa mdomo wazi kama aliyetolewa majini, na mimi ndiye niliyekuwa nimemzamisha. Nilitaka kumshika kichwa. Sikuthubutu kuinuka.

Akaenda migombani peke yake, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Alikaa huko mpaka ng'ombe wakaanza kulia. Aliporudi alikamua, akaniwekea maziwa mezani, akasema, "Mama, chumba changu kile cha nje kilikuwa wazi. Ungelala kile wiki moja tu." Hakusema kwa ukali. Angekuwa mkali ningevumilia.

Wifi yangu nilimwambia wiki iliyofuata, na baraza la wazee, na mchungaji. Mchungaji alisema na yeye ana la kuungama kuhusu lile banda. Mnada siku hizi unafanyika uwanjani, mvua ikinyesha unaahirishwa, na vitu vinakaa mezani. Ananadi Mzee Ndosi. Vitu vyote vinanunuliwa.

Basi wewe mwenye homa, wanakutarajia mahali, najua. Watu wamezoea sauti yako, au mikono yako, au mapishi yako. Waambie unaumwa. Sema mapema, siku ile ile, mtu akiwa bado anaweza kuhamisha godoro. Lala peke yako, kula sahani yako, fungua dirisha, acha wenzako wakukumbuke kwa wiki moja. Mimi niliyasoma haya mbele ya watu kila Jumapili, nayajua kwa moyo.

Gody sasa amerudi kulala chumbani na mke wake. Huku anapanda mara moja kwa mwezi, anakamua, anapalilia kaburi la baba yake, anarudi mjini. Katikati ya hapo hupiga simu kila jioni. Alikuwa mtoto wa kusalimia kabla ya kitu chochote, baba yake alimfundisha hivyo tangu hajajua kutembea vizuri. Siku hizi nikipokea hasemi shikamoo kwanza.

Anasema, "Mama, una homa?"

Nami namjibu kweli. Halafu ndipo ananisalimia.